Gari Halijui Kalenda

Jumatatu asubuhi fundi cherehani aliacha sketi ya mteja chini ya sindano. Alivua ndala, akatoka nje kusukuma gari la mumewe. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo.

Mume alikuwa ameketi kwenye usukani, tai shingoni, kichwa nje ya dirisha.

"Sukuma kidogo tu, Mama Mapacha. Likifika kwenye mteremko litashika."

"Hicho kidogo nakisukuma tangu mwaka jana," mkewe alisema.

Pale mtaani gari hilo liliitwa Bwana Harusi, kwa kuwa halikutoka nyumbani bila watu kulisindikiza. Siku hiyo lilisindikizwa hadi chini ya mteremko, likanyamaza huko.

Simu ya mume ikalia. Mkewe alimsikia akisema, "Ndiyo, mkuu. Nimeelewa, mkuu."

"Amesema nini?"

"Nisipofika kwenye maduka yote kumi na mawili wiki hii, eneo langu anapewa mwingine. Mimi narudi stoo kupanga maboksi."

Mume huyu aliuza dawa za mifugo. Kila wiki alizunguka miji midogo, duka hadi duka. Kampuni haikumpa gari. Ilimpa posho ya gari kila mwezi, naye alitumia gari lake mwenyewe.

"Posho ya juzi iko wapi?" mke aliuliza.

"Imeingia kwenye mafuta. Nyingine tulinunulia kabati. Na wewe ulilisifia."

"Nilisifia kabati. Sikujua kwamba nasifia injini."

"Basi tukope, tununue gari jipya. Posho italipa mkopo."

Mke alikuwa amechoka kumjibu. Alikwenda kumwita Mama Grisi, jirani yao, aliyesimamia gereji ya mabasi kwa miaka ishirini.

Mama Grisi alikuja na kikombe chake cha chai. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa. Kitambaa kikawa cheusi kama kimepakwa lami.

"Shemeji, oili hii ulibadilisha lini?"

"Miezi mitatu tu iliyopita. Mimi nafuata utaratibu, shemeji. Kila miezi mitatu, sikosi."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Gari langu la kwanza. Halikunisumbua hata siku moja."

"Hilo la kwanza ulikuwa unakwenda nalo wapi?"

"Stoo na kurudi. Jumamosi, sokoni."

Mama Grisi aliinama, akatazama kikaratasi kilichobandikwa ubavuni mwa mlango. Kilionyesha kilomita za siku ile oili ilipobadilishwa.

"Mama Mapacha, hapa pameandikwa laki mbili, thelathini na nane elfu. Soma namba za kwenye dashibodi."

Mke alisoma. "Laki mbili na nusu. Kamili."

"Ni kilomita elfu kumi na mbili kwa miezi mitatu. Elfu nne kila mwezi. Oili ya gari hili hubadilishwa kila kilomita elfu tano. Ulipaswa kuibadilisha mara mbili, shemeji, wala hukubadilisha hata mara moja. Gari halijui kalenda. Linajua kilomita."

Alifungua chujio la hewa, likamwaga vumbi. Alichomoa plagi moja, ncha yake ilikuwa imelika.

"Ndiyo maana haliwaki. Na mkanda wa injini ulibadilishwa lini?"

"Mkanda upi?"

Mama Grisi alikunywa chai. Alichukua muda mrefu kuimeza.

"Huo ukikatika safarini, injini imekwisha," alisema.

"Unaona?" mume alimgeukia mkewe. "Nilisema tununue jipya."

"Jipya nalo litakwenda elfu nne kwa mwezi," Mama Grisi alisema. "Baada ya miaka mitano litakuwa hili hili, na posho yote italiwa na mkopo. Mafuta utaweka maji? Nisikilize. Posho si nyongeza ya mshahara. Kampuni inakulipa kwa sababu unalimaliza gari lako kwa kazi yao. Kila kilomita umewauzia kipande cha gari. Ukila ile fedha, umekula gari."

"Tumekula gari," mke alisema, "tukapanga sahani juu yake."

Mume alikuna kichwa. "Sasa nifanye nini?"

"Andika kilomita zako kila jioni. Posho ikiingia, toa mafuta kwanza. Halafu kwa kila kilomita uliyokwenda, weka kando fedha ya oili, matairi, mikanda na bima. Inayobaki isiguswe, ni ya gari lijalo. Na bima yako ni ya matumizi gani?"

"Binafsi."

"Unabeba dawa za kampuni kwa bima ya kwenda sokoni? Ukigonga mtu, watu wa bima watakuuliza ulikuwa unakwenda wapi. Kawaeleze ukweli wabadilishe. Na bosi wako muulize kama anayekwenda mbali sana huongezewa."

"Bosi yule haulizwi."

"Nipe simu nimuulize mimi," mke alisema. Mume akaificha simu mfukoni, akaahidi kuuliza mwenyewe.

Kabati lilirudi dukani siku hiyo hiyo. Mwenye duka alirudisha nusu ya bei, huku akilalamika kana kwamba ndiye aliyeibiwa. Fedha hiyo ilinunua oili, chujio, plagi na mkanda. Jumanne mchana gari liliwaka. Mume hakungoja hata chakula. Kufikia Ijumaa alikuwa amefika maduka kumi na moja. La kumi na mbili alilimaliza Jumamosi, dakika chache kabla halijafungwa.

Jumatatu iliyofuata alirudi kutoka ofisini akiwa mpole.

"Eneo langu limebaki," alisema. "Na nilimuuliza. Kumbe ipo fomu. Ukizidisha kilomita elfu tatu kwa mwezi, unaongezewa."

"Ipo tangu lini?"

"Tangu nilipoajiriwa."

Mke alihesabu miaka kwa vidole. Vilipofika vinne aliacha, akarudi kwenye cherehani yake, maana angeendelea angesema neno baya.

Walifungua akaunti ya gari peke yake. Daftari la kilomita lilikaa mezani, na kila jioni mume aliandika. Miezi minane ilipita bila safari hata moja kukosekana, na akaunti ilianza kunenepa.

Ndipo jioni moja mume akaja na karatasi yenye picha ya kochi. Kochi la rangi ya maziwa, la watu watano.

"Fedha ipo," alisema. "Imelala tu kule benki."

Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Hilo kochi ni kilomita ngapi?"

Mume alivuta daftari, akachukua kalamu, akapiga hesabu taratibu.

"Elfu tisa."

"Yaani ukalie kilomita elfu tisa huku unatazama ukuta?"

Mume alikunja ile karatasi mara mbili. Alivuta kigoda, akaketi, akaandika kilomita za siku hiyo.