Kurasa za Foleni ya Sukari

Foleni ya sukari ilianzia mlangoni mwa duka ikakunja kona, na kwenye kona hiyo alisimama Kaltumi, vazi lake la gurubaba la maua mekundu limemganda mgongoni kwa jasho. Mbele yake kijana mrefu, suruali ya bugaluu, alikuwa anasoma riwaya ya kale iliyo nene kama tofali. Kaltumi akachungulia, akanogewa.

"Nyabo, unasoma kitabu ama shingo yangu?" kijana aliuliza bila kugeuka.

"Shingo haina hadithi, sebo. Fungua ukurasa."

Kijana akacheka, akachana ukurasa aliokwisha kuusoma, akampa. Kuchana kitabu! Kaltumi alishtuka, lakini aliupokea. Walipofika dukani sukari ilikuwa imekwisha, naye alikuwa na kurasa tele, za mjane na mfinyanzi wanaopendana, na jina la mtu: Tarcisio, mwalimu wa Ntinda.

Mapenzi yao yalikua hivyo, leo foleni ya sabuni, kesho ya chumvi, Tarcisio mbele anachana, Kaltumi nyuma anapokea, na vidole vyao vikichelewa kuachana.

Mwaka wa sabini na saba Waacholi, watu wa kabila la Tarcisio, walipoanza kuchukuliwa na askari makazini, alikuja mbio Kibuli, nyumbani kwa Kaltumi, akamtilia mikononi kurasa zote zilizobaki. "Sasa wewe tangulia kusoma," akasema, akaondoka. Kaltumi aliumia. Kaka yake alikuwa askari. Je, Tarcisio amemwogopa hata yeye?

Wiki zikapita, ndipo simu ikaja katika duka la jirani yao, Mzee Zubairi. Ilitoka Nairobi. Kila mtu alijua kwamba simu zilisikilizwa, basi hawakuthubutu kutaja mtu wala mahali. Kilichobaki cha kutaja ni kitabu.

"Yule mjane wa kwenye hadithi, vipi?" Tarcisio aliuliza.

"Amenuna. Mfinyanzi wake amekwenda bila kuaga vizuri. Anadhani ameogopwa kwa sababu ya kaka yake."

Simu ikakoroma kidogo. "Mimi naona mfinyanzi hakumwogopa. Aliogopa kumponza."

Kaltumi akageukia ukutani, Mzee Zubairi asimwone akilia.

Kuanzia hapo Tarcisio alipiga kila Ijumaa, naye Kaltumi alimsimulia kipande. Alisoma kwa ubahili, ukurasa mmoja mmoja, lakini hata ubahili una mwisho. Alasiri moja, amekaa kitandani, akafika neno la mwisho. Alijivunia, maana kwao hakuna aliyewahi kumaliza kitabu kama kile. Halafu upweke ukamjia. Watu wote wa kitabuni aliokuwa akiishi nao wameondoka kwa pamoja, chumba kimebaki na kitanda na taa. Na Ijumaa atasema nini?

Akadanganya. Mjane alipougua, yeye alimponya. Akambuni mvushaji mwenye mtumbwi, akaleta mafuriko, akaleta msimu mwingine wa mavuno.

"Huyo mvushaji," Tarcisio akamkatiza Ijumaa moja, "hayumo kitabuni."

"Wewe umejuaje?" Kaltumi akauliza.

"Nilikinunua huku. Nilikimaliza zamani. Mjane anakufa."

"Sasa ulikuwa unapiga simu ya nini?"

"Wa kwako yuko hai. Nilitaka kusikia anaendeleaje." Akavuta pumzi. "Mimi naona huyo mjane avuke mto. Mfinyanzi yuko ng'ambo, amepata nyumba, anataka kumuoa."

Moyo wa Kaltumi ukaruka, kisha ukatua pale pale. Nyumbani mama yake alikuwa amelala, mguu mmoja na mkono mmoja havisikii, na hakuna mwingine wa kumgeuza.

"Mjane anataka," akasema polepole. "Anataka sana. Lakini mama yake hajaweza kusimama. Hawezi kuvuka sasa."

"Basi mfinyanzi atangoja."

"Mpaka lini?"

"Kitabu ni kinene, mpenzi."

Tarcisio alikuwa hajawahi kumwita hivyo katika simu. Laini ikakatika. Kaltumi akabaki na mkono wa simu sikioni, mpaka Mzee Zubairi alipoutoa taratibu na kuurudisha mahali pake. Mama alikuwa anangoja kugeuzwa. Njiani kurudi nyumbani, Kaltumi alianza kutunga kipande cha Ijumaa.