Sixten na Kodi ya Moshi

Kitendawili! Nina jiko lisilo na moshi, limezikwa mwambani. Hujui? Nipe mji. Haya, nimekwenda Sollefteå, kule Uswidi, nikala mkate na jibini, nikarudi na jibu: ni joto la ardhini. Sikiliza lilivyoingia kwa bibi Gunvor.

Gunvor na mumewe Sixten walipasha nyumba joto kwa mafuta. Mafuta hayo yana kodi ya moshi, nayo ilikuwa ikipanda kila Mwaka Mpya. Basi kila Desemba Sixten aliwahi kujaza pipa.

"Nimewapiga chenga tena watoza kodi!" alicheka.

Lakini baridi ya kule haina haya. Ili pipa lifike Machi, walifunga vyumba vitatu, wakaishi jikoni. Vidole vya Gunvor vilikakamaa, hata kufuma soksi hakuweza.

Siku moja Sixten akasema, "Nanunua pipa la pili."

"La pili! Na mwanetu anatuita Stockholm. Niambie, mzee, tunahama au tunabaki?"

Sixten akajimiminia kahawa nyingine.

Jirani yao Rakel, fundi wa kuchimba visima vya joto, alikuwapo mezani. Akacheka. "Mzee Sixten, unaikimbia kodi huku umeibeba mgongoni!"

"Serikali inatunyonya tu!"

"Haijakukataza mafuta. Imesema anayetoa moshi mwingi alipe zaidi, maana moshi wako hauishii uani kwako. Usipochoma, hulipi."

"Na joto nitalichota wapi, kwenye theluji?"

"Weka mkono nyuma ya friji."

Akaweka. "Kuna joto!"

"Limetolewa kwenye maziwa yako yaliyomo ndani. Mashine yangu hutoa joto mwambani vivyo hivyo. Inakula umeme, ila kidogo. Kuchimba ni ghali, sikufichi. Lakini kisima unachimba mara moja, mafuta kila mwaka."

"Hela ya pipa la pili iwe ya kuanzia," Gunvor akakata shauri.

Kiangazi Rakel akachimba, mita mia na sitini, mwanamke yule, matope hadi kwenye nyusi! Baridi iliporudi, milango yote mitatu ilikuwa wazi. Gunvor alikuwa ghorofani anafuma.

Simu ikalia. Mwana wao aliuliza, "Mnahamia huku lini?"

Gunvor akampa mumewe simu, akamtazama.

Sixten akakohoa. "Tunabaki," akasema. "Njoo wewe. Chagua chumba."