Ngalula, Treni Iko Inafika

Sentensi moja ilikataa kugeuka.

Valérie alikuwa akijaribu tovuti ambayo watu wa Musonoi, mtaa wa mji wa Kolwezi nchini Kongo, waliokuwa wakihamishwa ili mgodi upanuliwe, wangeitumia kuomba nyumba mpya. Ilikuwa kwa Kifaransa. Kabla ya kutafsiriwa kwa Kiswahili, ilibidi ahakikishe kwamba mfasiri ataweza kulifikia kila neno. Basi aliiamuru kompyuta igeuze maneno yote kuwa herufi za ovyo. Neno lolote ambalo lingebaki vilevile lingekuwa limefukiwa ndani ya programu, na Kabemba, aliyeiandika, angelazimika kulitoa.

Yote yaligeuka. Chini kabisa tu palibaki: *Ngalula, toka. Treni iko inafika.*

Kabemba aliapa kwamba si yake. Aliipekua programu nzima asiione. Walizima kompyuta, wakawasha, ikarudi. Mchana umeme ulipokatika na skrini kuwa nyeusi, walisikia mkono ukipapasa mlango wa chumba cha nyuma, taratibu, kama wa mtu asiyetaka kumshtua mtoto, kisha harufu ya nguo zilizolowa mvua ikajaa ofisi ingawa nje jua lilikuwa kali na barabara yote vumbi, na sauti ya mwanamke, ya chini sana, ikaita jina lile, ikanyamaza, ikaita tena, mpaka Kabemba akatoka na kukataa kurudi.

Valérie alimwita Mwalimu Nasoro, ambaye watu humwita wanaposumbuliwa na majini. Akaja pia Mama Ernestine, mwenye nyumba waliyoipanga kuwa ofisi. Aliposomewa sentensi ile, Ernestine alikaa sakafuni. Akaeleza kwamba wakati Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa Kolwezi na kupelekwa kwao kwa treni, jirani zake waliishi humu. Nyumba ilipovamiwa, binti yao Ngalula alijificha chumba cha nyuma. Mama yake alisukumwa hadi gare, stesheni ya treni, akazuiwa kurudi, akafia huko kwenye mvua akingoja treni. Ernestine alimkuta mtoto ana homa. Hakupona.

Nasoro alifungua chupa ya maji aliyoyasomea dua. Akasema kwa upole kwamba huyu si jini, ila kumtoa angeweza, leo hii.

“Hapana, tata,” Valérie alimwambia kwa heshima. “Huyu watu balishamufukuza.”

Nasoro akaifunga chupa, akamgeukia Ernestine. “Basi mumuambie, mama. Hajui.”

Ernestine alisogea hadi mlangoni, akapiga magoti.

“Mama Ngalula, mutoto hayuko humu. Alikufa mu mikono yangu. Nilimuzika nyuma ya nyumba. Niliogopa kufika ku gare, kukuambia. Unisamehe.”

Mlango ulifunguka. Nyayo zilipita katikati yao, zikatoka uani, na huko kikaanza kilio ambacho Valérie hakuwahi kusikia mfano wake.

Ernestine alichukua mkeka, akautandika pale alipomzika mtoto. Valérie akakaa kando yake. Mwanamke mmoja wa jirani, alipowaona hivyo, alisimama nje ya ua akauliza kilio ni cha nani.

“Ya Ngalula,” Ernestine akajibu, “na mama yake.”

Mwanamke yule akavua viatu, akaingia, akaketi. Wakaja wengine. Wakaacha nafasi katikati ya mkeka, mahali sauti ilipokuwa ikitokea.