Mkono Uliozalisha Ng'ombe Mia Mbili

Siku ile mjinga alikuwa Guyo, na wa kwanza kusema hivyo ni Guyo mwenyewe. Basi tusimwongezee, jamani. Tusikilize tu, maana ujinga wake hauko mbali na milango yetu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Mafuriko yalikuwa yamepungua, majani yameota hadi magotini, na Minjila nzima ilinuka maziwa. Guyo alikaa mbele ya nyumba na kikombe chake cha chai, akimtazama mkewe Gumato akisuka mkeka. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Miguu ilikuwa imemvimba na uso umemjaa.

"Tazameni mke wa mtu alivyonona!" Guyo alichekelea. "Maziwa yangu hayo."

"Kichwa kinaniuma, Guyo. Tangu juzi."

"Kikiuma ujue kipo."

Asubuhi hiyohiyo akafika Zipporah, muuguzi aliyezunguka vijijini akipima waja wazito. Alimpima Gumato presha mara mbili, akapima na mkojo, kisha akamgeukia Guyo.

"Mzee, presha iko juu sana, na mkojo si mzuri. Huku kuvimba si kunona. Leo hii twende naye Garsen, alale huko hadi ajifungue. Isitoshe, pale tuna utafiti. Tunataka kujua mama kama huyu atibiwe vipi mapema, kabla kifafa cha mimba hakijamkamata."

Katika maneno yote hayo, Guyo alisikia moja tu: utafiti.

"Mke wangu si ndama wa kujaribiwa dawa! Na kuvimba ni kitu gani, daktari? Hata ng'ombe akikaribia kuzaa huvimba kiwele mpaka tumboni. Kwa mkono huu nimezalisha ng'ombe mia mbili. Wewe umezalisha wangapi?"

Majirani waliokuja kutazama wakaangua kicheko. Zipporah hakucheka.

"Utafiti ukataeni, ni haki yenu. Jina lake halitaandikwa, na matibabu atapata vilevile. Lakini hospitali msiikatae."

"Nimekataa vyote viwili."

Gumato aliinua uso kama mtu mwenye neno, kisha akaurudisha kwenye mkeka. Hapo, msomaji, ujue kwamba watu wote walikuwa wamesema isipokuwa mwenye tumbo. Na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya tatu Guyo alipeleka ng'ombe majini. Majirani walikuwa sokoni. Aliporudi saa sita mchana, alimkuta Gumato chini, meno yamebanana, macho yamegeuka, mwili mzima ukitetemeka. Peke yake. Kibuyu kilikuwa kimepinduka na maziwa yameshakauka mchangani, kwa hiyo Guyo akajua kwamba alianguka kitambo.

Mkono ule wa ng'ombe mia mbili haukujua pa kushika.

Alikimbia barabarani akipunga shuka, akasimamisha lori lililobeba mbuzi. Gumato alifikishwa Garsen amelala katikati ya mbuzi, kichwa mapajani mwa mumewe. Zipporah alikuwa zamuni. Alimdunga sindano mara moja, wala hakumkaripia Guyo. Laiti angemkaripia.

Gumato alipona. Mtoto, wa kiume, alitoka kimya, akazikwa kimya.

Baada ya siku kumi Gumato alikwenda kwa mama yake kupata nguvu. Alimwachia mumewe neno moja mlangoni: "Nilikwambia kichwa kinaniuma." Miezi ikapita, hakurudi.

Mwaka ule ng'ombe wa Guyo walizaa mfululizo. Kila ndama alipoanguka salama, aligeuka kumwambia mtu, akakuta mlango mtupu. Jioni alimimina vikombe viwili vya chai kwa mazoea. Kimoja alikunywa. Cha pili kilikaa hadi asubuhi, naye akakimwaga nyuma ya nyumba ili majirani wasione.

FUNZO

Jamaa zangu, mja mzito akivimba uso, akiumwa kichwa kisichoacha, au akiona vimulimuli mbele ya macho, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Utafiti ni wa hiari, na anayekataa hanyimwi matibabu. Na tumbo lina mwenyewe. Muulizeni yeye kwanza, kisha mtusikilize sisi wenye midomo.

Kama kuna anayebisha bado, na asikie yaliyotokea Zipporah aliporudi Minjila mwaka uliofuata. Safari hii mwenye miguu iliyovimba alikuwa Sabdio, mke wa Abdullahi, naye Abdullahi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haendi! Kuvimba nimekuona kwenye ng'ombe tangu utoto wangu. Mimi nimezalisha ng'ombe mia nzima!"

Watu wakaanza kucheka, kama walivyocheka mwaka uliopita. Guyo alikuwa amesimama nyuma yao. Akapita katikati.

"Mimi nimezalisha mia mbili, Abdullahi," alisema. "Twende kwangu ukahesabu watoto."