Spika Yenye Mikato Sita

Siku waliyokutana, ujia wa mafundi wa redio ulikuwa umefurika. Watu walikanyagana visigino, na kila kibanda kilipiga wimbo wake kumshinda jirani. Katikati ya zogo hilo akatokea kijana mrefu, fulana nyeusi iliyokatwa mikono, buti za kazi, kabeba spika kubwa kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Fundi yuko wapi?" akauliza.

"Unaongea naye. Au ulitaka mwenye ndevu?"

Aliyejibu alikuwa amevaa koti la bluu lenye bisibisi mifukoni, kitambaa chekundu kichwani, na hereni alizojisukia mwenyewe kwa waya wa shaba. Kati ya mafundi redio arobaini wa ujia ule, mwanamke alikuwa yeye peke yake, na swali hilo aliulizwa kila asubuhi ya Mungu. Hakuwahi kulizoea. Aliyahesabu maswali hayo, akayaweka.

Kijana akaona haya. "Imepasuka," akasema, akaitua spika, akaondoka bila neno la pili.

Fundi akaitengeneza kama anavyotengeneza kila kitu, yaani kikamilifu. Akabandua karatasi iliyochanika, akaweka mpya, akasafisha hata kutu ya skrubu. Kesho yake kijana akachomeka gitaa, akapiga mara moja, uso ukamwanguka.

"Umeiponya," akasema, kama anayetoa taarifa ya msiba.

"Sasa ulitaka niiue?"

"Nilitaka usiiache ife. Ule mpasuko ndio ulikuwa sauti yetu."

Kwenye kibanda cha jirani, shangazi yake Fundi alisimamisha cherehani. Alikuwa akishona pazia, lakini pazia lingeweza kungoja.

Fundi alimtazama kijana, akaitazama kazi yake nzuri ya siku nzima, kisha akachomoa wembe. "Piga," akamwamuru. "Usiache mpaka nikuambie."

Akapiga. Fundi akakata karatasi mpya pole pole, huku akisikiliza. Mkato wa kwanza, si kitu. Wa tatu, sauti ikaanza kukwaruza. Wa sita, ikanguruma kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na mafundi wote wa ujia wakatoa vichwa nje.

Kijana akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu asiyekitumia ovyo.

"Mkwe huyo," shangazi akasema kwa sauti ya kusikika ujia mzima. "Nitawashonea pazia bure."

Bendi iliitwa Kutu. Kijana mwenyewe, wenzake walimwita Kimya, kwa sababu gitaa lake lilivunja vioo na mdomo wake haukuwahi kuvunja hata yai. Albamu ya kwanza, Misumari, ilirekodiwa kwa spika ile ya mikato sita, na mji ukawaka moto. Vijana waliokuwa wamechoka kuambiwa watulie waliipiga mpaka majirani wakahama vyumba. Jalada la nyuma lilishukuru watu kumi na saba. Fundi alilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Dereva alikuwamo. Mama wa mpiga ngoma alikuwamo. Paka wa Meneja wa bendi alikuwamo.

"Paka, mpenzi," alimwambia Kimya kwenye simu. "Paka alikata nini?"

"Nitamwambia Meneja, mama. Albamu ijayo."

Albamu iliyofuata ilikuwa Tanuri, nzito kuliko ya kwanza, polepole, ya kubonyeza kifua. Spika ni ile ile. Jina lake halimo. Paka yumo tena.

Hata hivyo walipendana. Kila Jumapili asubuhi Kimya alikuja chumbani kwake, akaketi kwenye stuli ile ile, upande ule ule, wakanywa chai. Simu aliiweka daima sikio la kushoto. Njiani alimvuta Fundi atembee kushotoni kwake.

"Hilo la kulia umemwekea nani?" Fundi alimtania. "Kuna mwenzangu anayelipangisha?"

"Wewe peke yako, hereni yangu."

"Basi nipe yote mawili, bahili we!"

Akatabasamu tu. Birika liliweza kupiga mluzi mpaka likauke, yeye kaketi kando yake hana habari. Fundi alidhani ni mapenzi.

Halafu ikaja Majivu.

Aliisikia kwa mara ya kwanza redioni, adhuhuri, mkononi ana pasi ya moto ya kulehemu nyaya. Mtangazaji alisema ni albamu ya tatu ya Kutu, sauti mpya, ya kikubwa. Kisha ukaanza muziki laini, mzito chini, juu hamna kitu. Hakuna kukwaruza. Hakuna spika yake. Miaka minne ya kusahauliwa kwenye jalada, na sasa wamemfuta hata kwenye nyimbo!

Redio ikafungua simu kwa wasikilizaji. Fundi alipiga.

"Mimi ndiye niliyeikata spika ya Misumari," akasema hewani. "Hii mnayoipiga si albamu, ni uji wa mgonjwa. Huyo mpiga gitaa wenu kazeeka kabla hajaoa. Kawauzieni wanaotafuta usingizi!"

Ujia mzima ukapiga makofi. Kisha redioni ikaja sauti anayoijua.

"Nimekusikia, Fundi."

Kimya alikuwa humo studio, mgeni wa kipindi. Mtangazaji akacheka kwa woga, akaweka wimbo.

Fundi alimpigia siku hiyo, akampigia kesho yake. Simu iliita mpaka ikachoka. Jumapili stuli ilikaa tupu, na Jumapili ya pili, na ya tatu. Hasira ilimpanda Fundi kama maziwa jikoni. Aligombana na wateja, akaunguza vidole, akamkaripia shangazi juu ya uzi uliodondoka.

"Umemvua mtu nguo mbele ya mji mzima," shangazi akamwambia, "halafu unakasirika kwa kuwa haji kunywa chai?"

"Kwani nilisema uongo? Hebu sikiliza mwenyewe, shangazi. Nikuonyeshe walivyoiharibu."

Akaziweka albamu zote tatu mezani, akafungua mashine yake ya kupimia sauti, akavaa hedifoni. Alitaka ushahidi. Misumari: sauti kali za juu zimejaa pande zote mbili, mshale unarukaruka. Tanuri: upande wa kushoto uko sawa, upande wa kulia makali yamepungua. Hilo hakuwahi kuligundua. Majivu: pale juu pana shimo. Halikuwa tope la mtu mvivu. Lilikuwa limechongwa safi, sehemu moja tu, kama mtu aliyeng'oa jino linalomuuma akayaacha mengine.

Aliijua sehemu hiyo. Ndipo mluzi wa birika unapolia.

Akavua hedifoni taratibu. Akakumbuka simu iliyowekwa daima sikio la kushoto, na birika lililopiga mluzi bure kando ya stuli.

"Shangazi," akasema. "Sikio lake la kulia."

"Limefanya nini?"

"Limekufa. Na kabla ya kufa lilikuwa linamchoma. Amekuwa akitoa kwenye nyimbo kila kinachomchoma, mwaka hadi mwaka, na mimi nimemtania, nimemtania…" Akazisukuma albamu kando. "Shangazi, nimemtukana kiwete kwa kuchechemea."

"Basi funga kibanda," shangazi akasema. "Unangoja nini?"

Bendi ilifanyia mazoezi kwenye ghala nyuma ya karakana ya magari, ambako nyundo ziligonga mchana kutwa. Ilikuwa saa saba mchana, wenzake wamekwenda kula. Kimya alikuwa ameketi juu ya kreti, mgongo mlangoni, gitaa mapajani halijachomekwa. Fundi alisogea akasimama nyuma ya bega lake la kulia. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno, na sasa akayamimina yote. Alisema juu ya redio. Alisema juu ya birika. Alisema kwamba hasira yake ilikuwa juu ya Meneja na paka wake, lakini alimtwisha mtu ambaye hakuwa na deni nayo. Alisema anampenda, neno ambalo hajawahi kulisema bila utani kulifunika.

Kimya hakugeuka. Hata bega halikutikisika.

Fundi akasubiri. Damu ikampanda. "Haya, kaa na kiburi chako! Nimejidhalilisha vya kutosha!" Akazunguka mbele yake aondoke.

Kimya akashtuka, akaruka kutoka juu ya kreti, gitaa nusura lianguke. "Umefika saa ngapi?"

Fundi akaonyesha kwa kidole pale nyuma alipokuwa amesimama.

"Ulikuwa unasema?" Kimya akauliza. Akagusa sikio lake la kulia, kwa aibu. "Upande huo hakuna mtu nyumbani."

Fundi akacheka, kisha akalia, kisha akakasirika kabisa. "Yote niliyosema! Sina uwezo wa kuyasema tena! Kwa nini hukuniambia, we mwanamume?"

"Ningekuambiaje?" Kwa mara ya kwanza aliongea kwa kirefu. "Wewe huponya kila unachoshika. Nilikuletea mpasuko, ukauponya. Daktari ameshasema sikio hili haliponi, na kelele zinalimaliza na la pili. Nikikuambia, ungechukua bisibisi. Ungeshindwa, halafu ungejichukia."

Hilo lilimwingia. Lilikuwa kweli.

"Spika iko wapi?" akauliza.

Kimya akamwonyesha kwenye kona, imefunikwa shuka. Fundi akaifunua. Hakutoa wembe wala bisibisi. Aliilaza chini kifudifudi, mdomo ukitazama saruji, akachomeka gitaa, akapunguza sauti mpaka robo.

"Vua buti."

Kimya akavua, akakanyaga sakafu peku, akapiga mara moja. Mngurumo ukapita kwenye saruji, ukampanda miguuni. Hapakuwa na cha kumchoma, na mikato sita yote ilikuwamo. Akafumba macho. Machozi yalimtoka bila kelele, kama jina lake.

"Albamu ya nne," akasema.

"Ya nne ina sharti. Jina langu kwenye jalada."

"La kwanza kabisa. Juu ya paka. Meneja asipotaka, atafute mpiga gitaa mwingine."

"Hayo uliyasema hata kwenye Misumari."

"Nilisema nitamwambia. Safari hii hapati wimbo hata mmoja kabla sijaliona limechapwa."

Fundi alimtazama. Hakuamini sana, maana aliikumbuka kila ahadi na tarehe yake. Lakini akavuta kreti upande wake wa kulia.

"Siyo huko," Kimya akasema. "Kaa kushoto kwangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sikio hili nalo lizime. Baada ya hapo, tutakaa pande zote."

Fundi akaketi kushoto kwake. Akavua hereni moja ya shaba isiwe katikati yao, akasogeza mdomo karibu na sikio lililobaki, akaanza kuomba msamaha upya, tangu mwanzo.