Makofi ya Ijumaa

Baltazari nimesoma naye, na si mtu wa kutunga mambo. Mwaka tisini na sita, miradi ya wageni ilipomiminika Sumbawanga, alipata kibarua cha kulisha panya weupe katika nyumba moja ya kupanga pale Chanji. Panya hao walichomwa sindano ya kuwasahaulisha, kisha wakapewa dawa ya kuwarudishia kumbukumbu. Kila Ijumaa alimtoa mmoja akapasuliwe kichwa. Naye, Mfipa aliyelelewa vizuri, hakuingiza mkono tunduni kabla ya kupiga makofi taratibu, kama anavyoamkia wakubwa. Panya waliopona wakisikia makofi hayo tu, walikimbilia pembeni wakarundikana.

Kumbe dawa inafanya kazi, akawaza. Mama yake alikuwa amemsahau mpaka jina. Akaiba kichupa, akawa anamtilia matone kwenye uji. Kazi yenyewe hakuwahi kumsimulia.

Siku ya nne, Ijumaa jioni, alirudi nyumbani akakuta madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo. Ndani kulikuwa giza tupu. Akachuchumaa mlangoni, akapiga makofi.

"Shikamoo, mama."

Akasikia kucha zikikwaruza sakafu, mbiombio, mpaka kona ya mbali kabisa.

"Mama, ni mimi, Baltazari."

"Nakujua," mama akajibu kutoka kule konani. "Nakukumbuka vizuri sana. Leo mchukue mwingine."