Kitabu Kilichokosa Mwanzo

Wanawake walikuwa wameshajibu wote kwa pamoja, "Na iwe," na tayari walikuwa wakicheka, ndipo sauti nyingine ilipojibu peke yake kutoka kwenye beseni la kuoshea nywele. "Na iwe." Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya taratibu, kama ya mtu anayezungumza huku maji yamemjaa kooni.

Odeta, mwenye saluni, aligeuka akatazama. Beseni lilikuwa tupu. Akafunga koki ambayo haikuwa imefunguliwa, akafuta mikono yake kwenye khanga, akarudi kwa mteja wake.

Saluni hiyo ilikuwa Mkuyuni, mwaka ule wa mvua za Elinino, wakati mji wa Mwanza umejaa mtumba wa kila aina, nguo, viatu, redio, hata vitabu. Vitabu vilimwagwa chini kwenye maturubai karibu na soko, na aliyevichagua alikuwa Selina. Selina hakusuka wala hakuosha nywele. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye stuli katikati ya saluni na kuwasomea wanawake riwaya za mapenzi na za majini wakati wanasukwa. Odeta alimlipa kwa hilo, na alilipa kwa moyo mweupe, maana kulikuwa na wateja waliopita saluni nyingine mbili ili wamsikie Selina.

Na si kwamba walikuja kusikia vitabu. Walikuja kumsikia Selina akivigombeza.

"Eti kijana alikuwa na macho ya huruma," angesoma, kisha angeshusha kitabu. "Macho ya huruma! Hayo hayo ndiyo yaliyonioa mimi. Tuendelee." Binti akizimia kwa mapenzi, Selina aliuliza kama amekula tangu asubuhi. Jini akiwa na kasri la dhahabu chini ya ziwa halafu anamlilia fundi baiskeli, Selina alitaka kujua kule chini hakuna wanaume wa kwao? Wanawake walicheka mpaka Akumu, msusi, anashindwa kushika nywele sawasawa.

Lakini kitabu kilipoisha, mzaha uliisha. Selina alifunga jalada, akamtaja mkosaji, akamhukumu. Mtunzi angemsamehe, yeye hakumsamehe. Wote waliokuwemo walijibu "Na iwe," na mteja aliyekaa kimya alivutwa nywele na Akumu mpaka akajibu. Katika hukumu hizo hakuna aliyeumia zaidi ya mwanamke aliyechukua mume wa mwenzake. Selina aliwapofusha, akawanyonyoa nywele, akawazika wakiwa hai. Kila mtu pale alijua kwa nini. Mumewe, Elias, alikuwa wakala wa sangara, akawa anavuka ziwa kwenda Kamanga kununua samaki, akavuka mara nyingi kuliko samaki waliohitajika, mwisho akabaki huko huko kwa mwanamke mwingine. Selina aliachiwa binti yao, Winnie, wa chekechea, na aliishi kwa ajili ya mtoto huyo. Alimchukia yule mwanamke wa Kamanga kwa chuki iliyomwamsha asubuhi na kumpa nguvu ya kupiga mswaki.

Kitabu cha siku ile hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Kilianza pale jini, mwanamke wa ziwani, anapoingia kwenye harusi huku nguo zinamchuruzika, anamwita bwana harusi, fundi baiskeli, "mume wangu" mbele ya bibi harusi. Kilikwisha kwa jini huyo kusamehewa na kuondoka na watoto wake.

"Anasamehewa!" Selina alifoka. "Kaingia kwenye nyumba ya watu, anasamehewa!"

"Lakini dada," Akumu alisema, "si anasema yeye ndiye aliyeolewa kwanza? Huenda ni kweli. Kurasa za mwanzo hatuna."

"Hata yule wa Kamanga anasema alikuwa wa kwanza. Wote husema hivyo."

Akafunga kitabu. Akahukumu kwamba jini anyang'anywe watoto wake, apewe yule bibi harusi awalee, wamwite mama, na siku wakikutana na mama yao mzazi wasimjue. Wanawake wakajibu. Na ile sauti ya kwenye beseni ikajibu.

Kesho yake mchana mvua ilinyesha, mawingu yakashuka mpaka ikabidi Odeta awashe taa. Aliingia mteja ambaye hakuna aliyemsikia akifungua mlango. Alikuwa mrefu, gauni lake zuri la kizamani, na nywele zake zilifika kiunoni zikiwa zimelowa. Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Karibu mama," Odeta alisema. "Tukuoshe?"

"Nimeshaoshwa. Nisukeni."

Akumu alianza kuzikausha kwa taulo. Taulo likajaa maji, akachukua la pili, likajaa, na kila alipozikamua maji yalitoka mengi kuliko mwanzo, na harufu ikaanza kupanda, harufu ya magugu maji yaliyooza, ile ile inayokaa ufukweni jua likiwaka, ila hapa hapakuwa na jua. Akumu alimtazama Odeta. Odeta alimtazama Selina.

"Wewe ndiye msomaji," yule mwanamke alisema. "Nisomee kile cha jana. Kuanzia mwanzo."

"Mwanzo wake haupo, mama. Kimechanika."

"Upo. Mimi ninao."

Akaanza kusimulia, sauti yake ya chini, namna fundi baiskeli alivyokuja mwenyewe ufukweni akamwita, akaleta posa, akaapa mbele ya wazee wake wa ndani ya maji, wakazaa watoto, wakaishi, hadi siku alipoaga kwamba anakwenda kununua spoku na asirudi, naye akamngoja, akamngoja, akasikia ngoma za harusi, akaenda kuangalia ni nani anayeoa, akamkuta yeye. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni wakati wote huo na haikujulikana kama ni machozi au ni nywele.

"Nilikuwa mke," alisema. "Nilikuwa kama wewe. Kati ya watu wote waliosoma kisa changu, wewe ndiye ungenielewa. Ukanihukumu kuwa mwizi. Na wenzako wakaitikia, hukumu ikashika. Jana jioni watoto wangu wamenitazama wakaniuliza mimi ni nani."

Selina alitaka kusema samahani. Na ndipo mlango uliposukumwa na Winnie akaingia kutoka chekechea, sare imelowa, akakimbilia ndani kama kila siku, lakini badala ya kwenda kwenye stuli ya mama yake akaenda moja kwa moja kwenye magoti ya yule mwanamke, akaegemea hapo, akamgeukia Selina na kumtazama kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mgeni.

"Huyu mama ni nani?" aliuliza.

Umeme ukakatika. Uliporudi, kiti kilikuwa kimejaa maji, hakuna mtu.

Winnie aliwakumbuka watu wote. Alimkumbuka Odeta, Akumu, mwalimu wake, hata paka wa jirani. Selina peke yake ndiye aliyefutika. Akimshika, mtoto alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Akimpikia, mtoto aliuliza kama mama mwenye nyumba anajua kuna mtu jikoni. Selina alikaa sakafuni nje ya mlango wa chumba cha binti yake akimwimbia nyimbo alizomlea nazo, na kutoka ndani alisikia mtoto akisogeza kiti kuuzuia mlango.

Habari zikavuka ziwa. Elias akaja na kivuko cha asubuhi, amevaa koti jipya la mvua.

"Mtoto mwenyewe anakukataa, Selina. Unataka nifanyeje?"

"Elias, nakuomba. Usimpeleke kwa yule. Mpeleke hata kwa mama yako."

"Atakaa na mimi na mke wangu."

Wakaondoka. Baadaye mtu aliyetoka Kamanga alimwambia Odeta, na Odeta kwa ujinga wake akamwambia Selina, kwamba Winnie anafuliwa na kulishwa vizuri na yule mwanamke na anamwita mama.

Mganga walimpata Misungwi, mwanamke aitwaye Kija, mkali, mwenye shughuli nyingi, aliyekuja Mkuyuni kwa sababu alikuwa na vitunguu vya kuuza. Alinusa kiti cha saluni, akaingiza kidole ndani ya beseni, akakionja.

"Mayu, tumfukuze kwa dawa gani?" Odeta alimnong'oneza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Humfukuzi. Hakutumwa na mtu, amedhulumiwa. Mimi sipigani na jini mwenye haki, atanivunja mgongo." Akamgeukia Selina. "Umehukumu, sasa tengua. Kaeni wale wale, kitabu kile kile, mmwite, useme watoto wake wamrudie na wamjue. Wenzako waitikie. Na wako atakujua saa hiyo hiyo. Unanisikia?"

"Nasikia, mayu."

"Sikia na hili. Ukimaliza, atakuuliza neno jingine. Usimjibu. Funga kitabu, unyamaze, mpaka maji yakauke kwenye kiti. Watu wa ndani ya maji hawapimi hukumu. Wanaitekeleza kama ilivyosemwa."

Walikaa Jumamosi mchana, mlango umefungwa, mvua inagonga bati. Walikuwepo wote wa siku ile. Kija alisimama nyuma ya Selina, mkono begani kwake. Harufu ya magugu maji ilianza kupanda kabla Selina hajafungua kitabu, na alipoinua macho yule mwanamke alikuwa ameshakaa kwenye kiti, nywele zimesambaa mpaka sakafuni.

"Nilikosea," Selina alisema. "Ulikuwa mke. Watoto wako ni wako. Wakuone wakujue, wakuite mama, wasimwite hivyo mwingine."

"Na iwe," wanawake walisema, wengine wakilia.

Yule mwanamke alifumba macho. Uso wake ukawa wa mtu aliyesikia anaitwa kwa jina lake kutoka mbali. Maji yakaacha kuchuruzika. Kija alimbonyeza Selina begani, na Selina akaanza kufunga kitabu.

"Na yule mwenzangu?" yule mwanamke aliuliza bila kufumbua macho. "Aliyechukua mume wangu akijua ana mke. Yeye mbona hukumhukumu?"

"Nyamaza," Kija alinong'ona. "Selina, funga."

Selina alikishika kitabu. Angekifunga, nami naamini alikusudia kukifunga, lakini lile swali lilikuwa limeuliza kitu alichokuwa akikijibu moyoni asubuhi, mchana na jioni tangu Elias aondoke, na akaliona lile koti jipya la mvua, akaiona mikono ya yule mwanamke wa Kamanga ikimsugua Winnie miguu kwa sabuni, akaisikia ile sauti ya mtoto ikisema mama kwa mtu asiyekuwa mama, na chuki ikampanda kutoka tumboni ikawa tamu mdomoni, tamu kuliko kitu chochote alichokula mwaka ule, hata mkono wa Kija ulipomfinya mpaka ukamwumiza hakuuhisi.

"Mwanamke anayelala na mume wa mtu," alisema, "ile nyumba anayolala, ziwa liifuate liimeze, na asitoke mtu."

Ilikuwa hukumu nzuri. Kila mwanamke pale alikuwa na wake wa kumkumbuka. "Na iwe!" walijibu kwa nguvu ambayo saluni haikuwahi kuisikia, na Odeta alipiga ngumi kwenye meza.

"Ahsante," yule mwanamke alisema. Akafumbua macho, akatabasamu kama mteja aliyependezwa na msuko wake, na kiti kikakauka.

Kija alikuwa ameshaokota mfuko wake na anatafuta mlango. Akumu ndiye aliyeongea, polepole, kitana kikiwa kimemkaa mkononi.

"Dada Selina," alisema. "Winnie si yuko kwenye nyumba hiyo hiyo?"

Selina alitoka mbio bila viatu hadi kivukoni. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapanda hadi barabarani, na kivuko kilikuwa kimesimamishwa mpaka kesho yake. Alipiga magoti mbele ya nahodha, mbele ya mlinzi, mbele ya mtu yeyote mwenye mtumbwi. Wakamshika wasimwachie aingie majini. Akapaza sauti kuelekea ng'ambo kwamba anatengua, anatengua yote, lakini hakukuwa na mwanamke hata mmoja wa saluni karibu yake wa kusema na iwe.

Alivuka kesho yake kulipopambazuka. Pale palipokuwa na nyumba ya Elias hadi usiku uliopita kulikuwa na maji yaliyotulia, na magugu yakielea juu yake. Watu walikuwa wamesimama kando. Jirani mmoja, mama wa makamo, alimtazama, akamjua kwa alivyofanana na mtoto, akamkumbatia.

"Pole, mama Winnie. Pole, mwanangu." Alilia kwanza ndipo akaweza kusema. "Jana mchana nilikuwa kwao, naazima kinu. Mtoto alikuwa anakula. Ghafla akaacha chakula, akasimama. Akasema, 'Nipelekeni kwa mama. Mama yangu Selina, wa saluni. Namtaka mama.' Alilia mpaka akachoka, anaukimbilia mlango. Baba yake akamwambia kivuko hakipo, asubiri asubuhi. Wakamfungia kwa komeo, asije akatoka mvuani akakufuata."